Atalipa au Hatalipa?

Kuna kauli moja ambayo imekuwa ngao ya kila mzembe wa kalamu katika zama zetu. Mwoneshe mtu kosa la tahajia katika barua, tangazo au habari aliyoiandika, naye hatasema "nitasahihisha". Atasema: "Lakini si umenielewa?" Kauli hiyo ndiyo ninayoipinga hapa. Naipinga kwa sababu mara nyingi jibu la kweli ni hili: la, sikukuelewa, nimekubahatisha tu.

Sizungumzii makosa yote ya lugha. Nazungumzia jambo moja: maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, yaliyotenganishwa na herufi moja au mbili, na mwandishi akachukua hili mahali pa lile. Vitabu vya Kiswahili vya skuli za Kenya vina jina la maneno hayo: vitate. Huko mwanafunzi hupewa jozi ya vitate akatakiwa atunge sentensi za kudhihirisha tofauti ya maana. Nasi wa Unguja, ambao lahaja ya mji wetu ndiyo iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, jambo hili tumeliachia bahati. Tumedhani kwamba aliyezaliwa karibu na kisima hahitaji kufundishwa kuteka maji.

Lakini itazameni bidii yetu katika Kiingereza. Nimesomesha sekondari kwa miaka mingi, na najua mwanafunzi akiandika "there" mahali pa "their" hupigiwa mstari mwekundu, huambiwa aandike upya, na wenzake humcheka. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5, na tangu hapo wazazi wengi wameiona lugha hiyo kuwa ndiyo elimu yenyewe. Hapa Nungwi, ambako hoteli zimeshikana ufukweni kuelekea Kendwa, vijana hurudiarudia "ship" na "sheep" mpaka ndimi zao zinyooke, kwa kuwa mgeni akicheka, kibarua kiko mashakani. Sina ugomvi na bidii hiyo; ni bidii njema. Ninalolikataa ni mizani miwili. Kijana huyo huyo akiandika "ajafika" mahali pa "hajafika", hakuna mwalimu anayeshituka, hakuna mwenzake anayecheka. Kwa lugha ya mgeni, herufi moja ni aibu. Kwa lugha ya mama yake, herufi moja ni mchezo.

Tuanze basi na herufi h, maana hiyo ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote.

Kiswahili hukanusha nafsi ya tatu ya umoja kwa "ha". Katika wakati uliopo lugha imetupa kinga mbili: "analipa" hukanushwa kwa "halipi", na mwisho wa neno nao hubadilika. Katika wakati uliopita "alilipa" huwa "hakulipa", na katika hali timilifu "amelipa" huwa "hajalipa". Hata msomaji asiyeiona h ataiona alama nyengine. Lakini wakati ujao hauna alama nyengine. "Atalipa" na "hatalipa": h ndiyo mlinzi pekee aliyesimama baina ya ahadi na kukataa. Ndivyo ilivyo kwa "ana" na "hana", ambapo h ndiyo inayotenga kuwa nacho na kukikosa. Ndivyo ilivyo kwa "haina", ambayo ikivuliwa h hubaki "aina", neno la maana nyengine kabisa. Mganga akiandika katika karatasi ya mgonjwa kwamba "ana mzio wa penisilini" naye alikusudia "hana", au kinyume chake, ni muktadha gani utakaomwokoa mgonjwa huyo?

Miaka kadhaa iliyopita majirani wawili walinijia niwasomee karatasi yao ya makubaliano. Mmoja alikuwa na boti, mwengine alitia mashine, na walikuwa wakivua kwa kugawana. Kifungu kimoja kilisema kwamba mashine ikiharibika baharini, mwenye boti "hatalipa nusu ya gharama". Mashine ikaharibika. Mwenye boti akaishika ile h: karatasi inasema hatalipa. Mwenye mashine akajibu kwamba mwandishi alikusudia "atalipa", na dalili yake ilikuwa katika karatasi ile ile: palikuwa na "hanamiliki" mahali pa "anamiliki", na "hameweka" mahali pa "ameweka". Mwandishi alizimwaga h popote kalamu ilipotua, kwa hiyo h ya kifungu kile haikuthibitisha kitu. Mwandishi mwenyewe alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na aliyesifiwa kwa Kiingereza chake. Shauri lilimalizwa kwa ushahidi wa mtu wa tatu aliyekuwepo siku ya mapatano. Karatasi iliyoandikwa ili mashahidi wasihitajike iliwarudisha watu kwa mashahidi, na watu wawili waliokula sahani moja wakakaa mwaka mzima bila ya kusalimiana. Nani kati yao angekubali kuambiwa, "Lakini si umeelewa?"

Na dawa yake si ngumu. Mwenye shaka na airudishe sentensi katika nafsi ya kwanza. Ikiwa ungesema "sitalipa", andika "hatalipa". Ikiwa ungesema "nitalipa", andika "atalipa". Ikiwa ni "sina", basi ni "hana". Ikiwa ni "nina", basi ni "ana". Hakuna Mswahili, wa pwani wala wa bara, anayechanganya "sina" na "nina". Kanuni hii hufundishika kwa kipindi kimoja, na haihitaji kitabu kipya wala semina.

Kundi la pili ni la sauti dh, th na gh, ambazo wengi huzibadili kwa z, s na g. Huandikwa kwamba kiongozi fulani "atadhuru Zanzibar", na mwandishi alikusudia kuzuru. Kuzuru ni kutembelea. Kudhuru ni kutia madhara. Hotuba za semina hujaa "zana ya maendeleo" pale palipokusudiwa dhana. Dhana ni fikra. Zana ni vyombo vya kazi, na fundi wa majahazi hapa pwani anaweza kuzipanga zana zake mchangani ukaziona. Maduka hutangaza "thamani za ndani" kwa maana ya samani, na bei ya mali ikaitwa "samani yake". Mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu hapa Zanzibar hupelekwa Mahakama ya Kadhi, na migogoro ya mwajiri na mwajiriwa ni mambo ya mahakama ya kazi. Mjane anayetafuta haki yake kwa barua iliyokosewa ataambiwa tu kwamba amekuja mlango usio wake.

Tena kila mwaka ifikapo tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO mwaka 2021 iliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tutarajie mabango ya kutualika "kuazimisha" siku hiyo. Kuadhimisha ni kuipa siku utukufu wake. Kuazimisha ni kumpa mtu kitu kwa muda kisha akirejeshe. Sijui siku hiyo tutamwazimisha nani, na atairejesha lini.

Kosa likiachwa likomae, huingia hata kamusini. Kiungo tunachokiita hapa kwetu kitunguu thomu kimekuwa kitunguu saumu kwa Waswahili wengi, na kamusi zimekipokea. Thomu ni jina la kitunguu hicho tangu kwa Waarabu. Saumu ni funga, ile ya Ramadhani. Leo hakuna awezaye kulirudisha nyuma neno hilo, nami sijaribu. Nalitaja ili tuone jinsi uzembe unavyokuwa sheria.

Kundi la tatu ni la l na r. Hapa kicheko kiko karibu, lakini hasara nayo iko karibu. Kalamu si karamu: moja huandikiwa, nyengine huliwa. Mahali si mahari: anayeandika kwamba bwana harusi "amelipa mahali" amemgeuza bibi harusi kiwanja. Fahali ni dume la ng'ombe. Fahari ni utukufu. Kura hupigwa, kula hufanywa kwa mkono wa kulia. Nasi wenye ndugu Maskati tujihadhari zaidi, maana hawala ni fedha inayotumwa kwa wakala, na hawara ni mpenzi wa nje ya ndoa. Mke anayeletewa ujumbe kwamba mumewe "amepokea hawara kutoka Omani" ana haki ya kuuliza maswali.

Sasa nizijibu hoja za wanaonipinga, maana nimezisikia zote.

Wa kwanza husema kwamba muktadha hutosha. Nakubali kwamba muktadha ni msaidizi mkubwa, na Kiswahili tayari kimempa kazi nyingi. Mbuzi ni mnyama, na mbuzi ni kifaa cha kukunia nazi. Hazina ni akiba ya mali, na "hazina" ni ukanusho wa "zina". Paa ni mnyama wa mwituni, na paa ni sehemu ya nyumba. Masikio ya pwani huyatenga mawili haya kwa pumzi ya p, lakini tahajia sanifu haikuiweka pumzi hiyo, na kwa maandishi yamekuwa neno moja. Ndivyo ilivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Maneno hayo hatuna budi kuyaachia muktadha. Lakini kwa kuwa mzigo wake umeshakuwa mkubwa, kwa nini tumwongezee yale ambayo tahajia imeyatenga wazi? Isitoshe, mkataba, cheti cha hospitali, hati ya nyumba na ujumbe wa simu wa maneno matatu huja peke yao. Hayana muktadha zaidi ya herufi zake.

Wa pili husema kwamba dh, th na gh ni sauti za Waarabu, na kuzitetea ni kuutetea Uarabu. Hoja hii imekaa kichwa chini. Kwanza, h ya "hatalipa" haikuja na jahazi lolote. Ni uti wa mgongo wa sarufi yetu wenyewe, na ndiyo inayopotea zaidi. Pili, Kiswahili hakikumeza kila sauti ya Kiarabu. Kaf nzito imekuwa k ya kawaida katika kalamu. Sad nzito imekuwa s katika sahani. Kh imelegea ikawa h katika habari na heri, ingawa wazee wangali wakisema khabari na kheri, nami siwaiti wasiosema hivyo wakosaji. Lugha ilichuja. Ilizoziacha zimeachwa, na ilizozibakisha ni zake, kama meza na leso za Wareno zilivyo zake. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, na kamusi iliyotolewa chini yake mwaka 1939, hazikuzizua sauti hizo. Zilizikuta midomoni mwa watu.

Wa tatu husema kwamba hii ni jeuri ya Wazanzibari, wanaodhani Kiswahili ni mali ya urithi. Huyu namjibu kwa upole, kwa sababu jeuri hiyo ipo, nami siipendi. Lakini ajue kwamba sisi watu wa kaskazini ya Unguja hatukuzaliwa na Kiswahili sanifu. Lugha ya nyumbani hapa Nungwi ni ya jamii ya Kitumbatu, na ina mambo yake ambayo mtu wa Mji Mkongwe huyacheka. Kiswahili sanifu tulifundishwa skuli, kwa imla na kwa kusahihishwa, kama anavyoweza kufundishwa mtoto wa Tabora, Kigoma au Bukavu. Wala sisi hatujasalimika. Makosa ya kujitia ufasaha tunayo tele: "dhawadi" mahali pa zawadi, "dhiara" mahali pa ziara. Mtu ameambiwa kwamba dh ni alama ya ustaarabu, basi huinyunyiza kila penye z. Huyo na mwenye kuandika "zambi" ni ndugu wa baba mmoja: hakuna aliyetazama kamusi.

Tena nasema wazi: sikatazi ulimi wa mtu. Aliyelelewa na lugha isiyotenga l na r akitamka "habali", simcheki na sitaki acheke mtu. Matamshi ni alama ya alikotoka, na alikotoka si kosa. Ninayemdai ni mwenye kulipwa kwa ajili ya maneno: mhariri, mtangazaji, karani wa mahakama, mwandishi wa mabango ya serikali na, mbele ya wote, mwalimu. Mtu anaweza kutamka "kula" na akaandika "kura". Ulimi hufuata mazoea ya utotoni, lakini kalamu huendeshwa na akili, na akili hufundishika.

Wa nne, ambaye ni msomi, husema kwamba lugha hubadilika. Ni kweli. Lakini lugha inayobadilika hulipa inachokichukua: ikiacha alama hii, huzua nyengine badala yake. Ikiwa wasemaji wameiacha h ya "hatalipa" na wakazua njia nyengine ya kukataa, hapo nitasema lugha imebadilika. Mpaka leo sijaiona njia hiyo. Nikionacho ni watu wenye neno moja la "ndiyo" na "siyo".

Washairi nao wasijione kwamba hawahusiki. Kughani ni kulisoma shairi kwa sauti na mahadhi. Gani ni neno la kuulizia. Anayetangaza kwamba malenga "atagani" shairi lake ametunyima hata jina la sanaa yetu. Na kuhusu vina, mtunzi aliyeanza kwa radhi na kadhi kisha akaingiza ngazi na kazi katika kina hicho hicho ametunga shairi guni, hata kama mizani yake imetimia. Tenzi zetu kongwe ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo dhal na zay ni herufi mbili, na tha na sin ni herufi mbili. Waandishi wa zama hizo hawakuwa na kompyuta ya kuwasahihisha, na bado walijua wameshika lipi. Sisi tulio na kamusi mfukoni, ndani ya simu, tuna udhuru gani?

Basi nini kifanyike? Kwanza, imla irudi madarasani. Tuliifanya katika chuo cha ualimu tukiwa watu wazima, na hatukuona haya. Dakika 10 kwa wiki zinatosha, lakini isiwe imla ya maneno makavu; iwe ya sentensi zinazomlazimisha mtoto asikilize maana. Mwalimu na asome: "Kadhi ana kazi nyingi leo." "Mgeni alizuru kijiji, hakumdhuru mtu." "Nguo ya aina hii haina mshono." "Mjomba atakuja, shangazi hatakuja." "Andika kwa kalamu majina ya walioalikwa karamuni." Mwanafunzi akiziandika sawasawa sentensi kama hizo kila wiki kwa muhula mmoja, hatasahau.

Pili, kosa la vitate likatwe alama katika mitihani ya Kiswahili na lisisamehewe katika masomo mengine yanayoandikwa kwa Kiswahili. Mtoto hujifunza kuheshimu kile kinachomgharimu.

Tatu, kila chumba cha walimu na kila chumba cha habari kiwe na kamusi inayofunguliwa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Nimeikuta katika makabati ya ofisi zaidi ya moja ikiwa safi mno, na usafi wa kamusi si sifa.

Nne, sisi wasomaji tuache kuona haya. Tukipokea barua au tangazo lenye "atalipa" isiyojulikana kama ni "hatalipa", tulirejeshe lilikotoka na tuulize kwa adabu: umekusudia lipi? Mafundi wa vyombo hapa Nungwi huziba nafasi baina ya mbao kwa kalafati, pamba iliyotiwa mafuta, nyembamba kiasi kwamba abiria haioni. Hakuna fundi anayemwambia mwenye jahazi, "Pamba ni kidogo tu, si chombo kinaelea?" Anajua kwamba kabla hajafika Mkokotoni maji yatakuwa ndani.

Kwa hiyo, atakayeniambia tena "si umenielewa?" nitamjibu kwa swali moja tu, na ninawaomba walimu wenzangu, waliomo kazini na waliostaafu, walichukue liwe lao: je, uko tayari kutia saini?